Ondoa Kwanza, Ongeza Baadaye: Kurekebisha Kiraka cha Rangi Kilichoharibika kwenye Gari

Barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara, ile inayopita Mang'ula, Kisawasawa na Kiberege huku milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na mashamba ya mpunga upande wa pili, ina urefu wa karibu kilomita 67, na kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe. Lami ikitandikwa, kokoto hazihami: zinabaki kwenye njia za mashambani, kando ya barabara, na kwenye matairi ya malori ya miwa na matrekta. Ndiyo maana si rahisi kukuta gari la bonde hili la Kilombero lisilo na vidonda vidogo kwenye boneti, kwenye ukingo wa madigadi na chini ya milango. Mwenye gari anayejali huona kidonda, hununua kichupa cha rangi, huchovya brashi na kupaka. Kesho yake anakuta kinundu kilichoinuka kama chunjua, kimekoza kuliko rangi ya gari, na kingo zake zimetambaa juu ya sehemu iliyokuwa nzima. Alichotaka kukificha sasa kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika hapo. Hoja yake ni moja, na hatua zote zitakazofuata zinatoka humo: kiraka kilichoharibika hurekebishwa kwa kupunguza. Mkono wa mtu aliyekosea huvutwa na tamaa ya kuongeza rangi kidogo ili kusawazisha, kisha kidogo tena, kisha kopo la kupuliza ili kufunika yote. Kila nyongeza hupanua eneo la kosa na kuinua kinundu zaidi. Ukitaka kazi ikae sawa, rudisha kwanza uso wa gari ulivyokuwa kabla hujaugusa, au ukaribie hapo uwezavyo, ndipo uanze upya kwa kiasi kidogo na kwa siku nyingi.

Unene wa karatasi moja

Ili uelewe kwa nini kupunguza kunahitaji adabu, jua kwanza unachokigusa. Rangi ya kiwandani si kitu kimoja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na katika magari mengi ya miaka ya karibuni juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Tabaka zote hizo kwa pamoja huwa na unene wa kati ya mikroni 100 na 150. Milimita moja ina mikroni 1,000. Karatasi moja ya A4 ya kuchapia ina karibu mikroni 100. Yaani kila kinacholitenganisha bati la gari lako na mvua za masika kina unene wa karatasi moja au moja na nusu, na klia peke yake, ambayo ndiyo inayong'aa na kuzuia jua lisipaushe rangi, haifiki nusu ya karatasi mara nyingi. Kila unaposugua unaitumia akiba hiyo, na klia iliyoondoka haiongezeki yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa linganisha na kinundu chako. Tone la rangi lililowekwa kwa brashi ya kichupa linaweza kuwa nene maradufu ya tabaka zote za kiwandani, kwa sababu brashi ile hubeba rangi nyingi kuliko kidonda kinavyoweza kumeza. Hapo ndipo kosa linapoonekana wazi. Watu wengi wakitazama kiraka kibaya hulaumu rangi kutofanana, lakini kinachokamata jicho kwanza ni kimo. Kinundu hutupa kivuli upande mmoja na kumeta upande mwingine, na jicho hukiona hata kama rangi yake ni ileile kabisa. Pitisha ukucha taratibu juu ya kiraka: ukikwama ukipanda, tatizo lako la kwanza ni kimo, na kimo kinatibika. Ukikishusha kiwe sawa na uso wa gari, tofauti ndogo ya rangi iliyobaki hupungua nguvu yake, kwa kuwa hakuna tena ukingo wa kuitangaza.

Jua ulichopaka kabla ya kukiondoa

Rangi za gari hukauka kwa njia mbili zilizo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa ya kutumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari la Oakland lililopakwa Duco, rangi ya kampuni ya DuPont iliyotengenezwa kwa nitroselulosi. Kabla ya hapo kupaka gari kungeweza kuchukua wiki kadhaa za kungoja. Rangi ile mpya ilikauka haraka kwa sababu hukauka kwa thina kuruka tu. Kwa sababu hiyohiyo, thina ikirudi, rangi hulainika tena hata baada ya miaka. Aina hii ndiyo mafundi huiita NC. Mpaka leo rangi nyingi za vichupa vya kugusia hulainika kwa thina namna hiyo zikiwa bado mpya, na hata rangi ya kucha, ambayo baadhi ya watu huitumia kuziba mikwaruzo, ni ya ukoo huohuo. Rangi ya kiwandani, kwa upande wake, huokwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 130 hadi 150 hivi, ikaungana ndani kwa ndani, na thina ikiigusa kwa sekunde chache haiilegezi. Hapo ndipo bahati yako ilipo: kiraka chako kinaweza kuyeyuka huku uso wa gari ukibaki mzima.

Bahati hiyo ina sharti, na sharti hilo ni zito hapa kwetu. Magari mengi tunayoendesha yamefika yakiwa yametumika, na mengine yamepita gereji mara kadhaa. Ikiwa boneti yako ilipakwa upya kwa NC, thina itaondoa kiraka na boneti pamoja. Basi fanya jaribio kabla ya chochote. Chagua mahali pasipoonekana kwenye bati lilelile unalotaka kulirekebisha, kama vile upande wa ndani wa ukingo wa boneti au wa mlango. Chovya ncha ya kitambaa cheupe cha pamba kwenye thina, gusa kwa sekunde tatu, ondoa. Kitambaa kikibaki cheupe na uso ukibaki unang'aa, rangi ni ngumu na unaweza kuendelea kwa tahadhari. Kikitoka na rangi, au uso ukinata, weka thina kando. Kazi yako itafanywa kwa wembe na msasa peke yake.

Kosa jingine hutokea pale mtu anapotumia rangi ya mafuta, ile ya milango na mageti ya chuma, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani. Rangi hiyo hukauka polepole, hubaki laini kwa siku nyingi, na ukiweka rangi ya NC juu yake hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ukikuta makunyanzi kwenye kiraka, jua ndicho kilichotokea, na usijaribu kufunika tena. Kwa rangi ya mafuta ambayo bado mbichi, tapentaini hutosha kuifuta, na ni laini zaidi kwa rangi ya gari kuliko thina.

Ngazi ya kushukia

Kanuni ya kupunguza ni kuanza na kilicho dhaifu na kupanda kwa kilicho kikali pale tu dhaifu kiliposhindwa. Osha kwanza eneo lote kwa maji safi na sabuni ya gari au shampuu nyepesi, suuza, kausha. Maji ya mtoni au ya kisima kilichochafuka yana mchanga, na chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa itaacha mkwaruzo mrefu kuliko kidonda ulichokuja kukitibu; yaache yatulie kwenye ndoo na uchote ya juu. Kisha jaribu kwa ukucha wa kidole gumba: viraka vilivyopakwa juu ya vumbi au nta havikushika, na vingine hubanduka vyenyewe bila dawa yoyote. Kisipotoka, jaribu spiriti ya hospitali kwenye kitambaa kwa dakika moja au mbili. Kikikataa, tapentaini. Thina ije mwisho.

Namna ya kushika thina ni muhimu kuliko thina yenyewe. Usimwage, wala usikandamize kitambaa kilicholowa juu ya kiraka. Chukua kadi ngumu, kwa mfano kadi ya benki iliyokwisha muda wake, uifunge kwa kitambaa chembamba cha pamba kikiwa kimevutwa vizuri bila mkunjo, ukiloweshe kidogo tu, kisha uipitishe bapa juu ya kinundu kwa mwendo mwepesi wa upande mmoja. Kadi ni ngumu na bapa, kwa hiyo kitambaa kinagusa kilichoinuka tu na hakizami ndani ya kidonda. Kila mpito mmoja au miwili geuza kitambaa upate sehemu safi, la sivyo unairudisha rangi uliyoiondoa. Ukifanya hivyo kwa subira utaona jambo linalopendeza: kinundu kinashuka, kingo zilizotambaa zinafutika, na rangi iliyo ndani ya shimo inabaki humo ikiwa sawa na uso. Mara nyingi kazi huishia hapo, bila msasa kabisa. Safisha kwa maji na sabuni, acha pakauke.

Kiraka kikiwa kimekauka sana hata thina isikilegeze, au jaribio lilikukataza thina, tumia wembe. Chukua wembe mpya wa kunyolea, ufunike ncha zake mbili kwa vipande vya selotepu ili makali yaliyo wazi yawe katikati tu, karibu upana wa kiraka chenyewe. Selotepu inalinda uso wa gari; makali yanagusa kinundu peke yake. Shika wembe ukiwa karibu wima na ukwangue bila kukata, kwa vipigo vifupi, unga mwembamba ukitoka. Acha kabla hujafika chini kabisa. Sehemu ya mwisho, ile ya unene wa unywele, ni kazi ya msasa.

Msasa unaofaa hapa ni msasa wa maji, namba 2000 kwa kuanzia, au 1500 ikiwa kinundu bado kina kimo, kisha 2500 au 3000. Msasa wa mbao na ule wa kusugulia puti usiukaribishe. Mikwaruzo yake haitoki kwa polishi. Loweka msasa kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika kumi au zaidi, kisha uuzungushe kwenye kipande kidogo kigumu na bapa. Ufutio wa shule uliokatwa nusu unatosha. Kidole kitupu hakifai, kwa sababu kidole ni laini, hufuata mabonde, na huchimba pembeni mwa kinundu badala ya kushusha kilele chake. Zungushia kiraka mkanda wa karatasi wa wapaka rangi ili kulinda sehemu nzima. Sugua kwa mstari mnyoofu, kwa uzito wa kipande chenyewe tu, mara kumi, kisha futa na utazame. Kilele kilichoguswa kitakuwa kimefifia na pembeni bado panang'aa. Endelea hivyo, mara kumi na kutazama, mpaka kufifia kwa kiraka kukutane na uso wa gari. Ondoa mkanda kabla ya mipito michache ya mwisho ya msasa laini.

Tazama pia rangi ya maji yanayotoka. Gari lenye klia likisuguliwa hutoa maji meupe kama ya mchele uliooshwa. Kiraka chenyewe kitatoa rangi yake mwanzoni, na hilo ni sawa. Lakini ukiona rangi ya gari ikitoka pembeni mwa kiraka, umemaliza klia na unapaswa kuacha hapohapo. Kwenye magari meupe ya zamani yasiyo na klia, rangi hutoka tangu mwanzo, na hapo kipimo chako ni macho na ukucha. Ogopa zaidi mikunjo na kingo za bati, maana rangi ya kiwandani huwa nyembamba juu ya kona. Kiraka kilicho kwenye mkunjo kifanye kwa kadi na kitambaa, usikipeleke msasani.

Kuanza upya

Uso ukishakuwa sawa, kiangalie kidonda chenyewe. Ukiona bati linalong'aa au doa la kahawia, rangi peke yake haitatosha. Kutu haiuawi kwa kufunikwa. Inaendelea chini ya rangi na kuinua malengelenge. Ikwangue kwa ncha ya sindano nene au kipande kidogo cha msasa mpaka bati liwe safi, futa kwa spiriti, kisha weka praima ndani ya shimo tu. Ukiona praima ya kiwandani, ile ya kijivu au nyeupe, ikiwa bado imeshika, huna haja ya kuongeza nyingine. Bampa la plastiki halishiki kutu, na thina inaweza kulilainisha. Kwenye bampa usiwe na haraka wala dawa kali.

Rangi inunue kwa namba, usinunue kwa jicho. Kwenye Toyota tafuta kibati kilicho ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango, usome kilichoandikwa kando ya herufi C/TR: namba 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha, 070 ni nyeupe ya lulu. Namba hiyo inakuambia pia ugumu wa kazi. Nyeupe 040 ni rangi tupu na husamehe. Rangi ya fedha ina chembe za madini zinazolala kwa mpangilio zinapopulizwa kiwandani. Ukizipaka kwa brashi hulala ovyo na kiraka huonekana cheusi zaidi ukitazama kwa pembe fulani. Nyeupe ya lulu ina tabaka mbili za rangi kabla ya klia, na chupa moja haiwezi kuiga mbili. Ukijua hili mapema hutajilaumu bure wala hutarudi kuongeza rangi ukidhani ulikosea kipimo. Lengo la kiraka cha mkono ni kisionekane na mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye gari.

Achana na brashi ya kichupa. Tumia kijiti cha meno kilichochongwa au sindano. Tikisa chupa mpaka utosheke, kisha utikise tena, hasa ikiwa rangi ina chembe. Weka tone dogo katikati ya shimo na uliache lijisambaze lenyewe. Tabaka la kwanza libaki chini ya usawa wa gari. Ngoja likauke, angalau saa kadhaa, uweke la pili, na la tatu kesho yake. Rangi hunywea inapokauka, kwa hiyo kilichojaa asubuhi kitakuwa na bonde jioni. Klia ifuate kwa namna hiyohiyo, na hiyo pekee ndiyo iruhusiwe kuinuka kidogo sana juu ya uso. Kisha liache gari wiki nzima kabla ya kulisugua na kulisafisha kwa kompaundi na polishi kwa kitambaa cha pamba. Kinundu cha kwanza, ukifikiri vizuri, kilitokana na kutaka kumaliza kwa tone moja kazi ya siku nyingi.

Hali ya hewa ya bonde ina neno lake. Bonde la Kilombero ni tambarare ya joto ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya mita 300 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Machi hadi Mei hewa hujaa unyevu. Rangi ya NC ikipakwa katika hewa hiyo, thina inaporuka kwa kasi huupoza uso, unyevu hutua juu yake kama umande, na rangi hubaki na ukungu mweupe. Ukipata ukungu huo usipake tena juu. Ngoja siku kavu, mara nyingi hutoka kwa polishi. Kazi hii chagua kuifanya kati ya Juni na Oktoba, saa tatu hadi saa tano asubuhi, umande ukiwa umekwisha na bati halijawa moto. Kaa kivulini, mbali na mashine ya kukoboa mpunga yenye pumba zinazopepea, na upande wa Kidatu epuka siku ambayo miwa inachomwa, maana masizi yake huruka mbali na hupenda rangi mbichi.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema gari ni la kazi, linabeba magunia ya mpunga, na uzuri wa boneti haupakii wala haupakui. Hoja hiyo ina uzito, na kama kidonda hakijafika kwenye bati unaweza kukiacha bila hasara kubwa. Lakini kidonda kilichofika kwenye bati ni suala la kutu, na katika bonde lenye mvua nyingi na matope yanayoganda chini ya madigadi, kutu ina mwaka mzima wa kufanya kazi. Kiraka kibaya hakikulindi hapo, kwani ukingo ulioinuka hunaswa na kitambaa kila unapoosha gari, hubanduka kidogo kidogo, na maji huingia chini yake na kukaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ulioonekana kuzibwa humdanganya mwenye nyumba asiutazame tena. Kwa gari la kazi, basi, hata usipojali rangi kufanana, jali kiraka kiwe kimeshika na kiwe bapa.

Wengine watauliza kwa nini kuhangaika wiki nzima ilhali fundi wa bodi Ifakara atapuliza boneti yote kwa siku moja. Fundi mzuri ana mahali pake, na kidonda kikubwa kuliko kiganja, au kiraka kilichoharibiwa kwa kopo la kupuliza mpaka rangi imetapakaa kwenye bati zima, mpelekee yeye. Kwa kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi ni malipo makubwa mno. Unatoa rangi iliyookwa tanurini na kuweka iliyokaushwa na hewa chini ya mwembe. Na siku ya kuuza, mnunuzi anayejua magari hutazama mipira ya vioo na kingo za taa akitafuta ukungu wa rangi, na akiuona hauamini tena mdomo wako: boneti iliyopakwa upya humfanya aulize iligonga nini. Kiraka kidogo cha uaminifu hakizui swali hilo. Ukiamua kwenda kwa fundi, mpe namba ya rangi, na umwombe akwangue kiraka chako chote kabla ya kupuliza. Akifunika kinundu, kitaonekana chini ya rangi mpya vilevile.

Hoja iliyo kali zaidi inatoka ndani ya mwongozo wenyewe. Ikiwa klia ni akiba isiyorudi, kwa nini tushauri msasa? Jibu ni kwamba msasa unatumika juu ya kinundu, si juu ya gari, na kila hatua iliyotangulia, ukucha, spiriti, kadi na wembe, imewekwa ili msasa ufike ukiwa na kazi ndogo iwezekanavyo. Anayeanza na msasa kwenye kinundu kirefu atasugua muda mrefu, na katika muda huo pembeni patakwisha kabla ya katikati kushuka. Kwa sababu hiyohiyo njia za mkato zinazosifiwa vijiweni hazifai. Dawa ya meno ina chembe laini mno zisizoweza kushusha kinundu, lakini hufifisha uso unaokizunguka. Mafuta ya breki hula rangi yoyote inayoyagusa, nzima na mbovu. Waya wa kusugulia sufuria huacha mikwaruzo itakayometa kila jua linapopiga. Petroli huacha mafuta yanayozuia rangi mpya isishike, na moto wake hauna onyo.

Afya yako na ya jirani

Thina na petroli hushika moto kwa mvuke wake, kwa hiyo jiko la mkaa na sigara vikae mbali, na kazi ifanywe mahali penye upepo mwepesi. Zipo rangi na klia za kupuliza zinazochanganywa na dawa ya kukazia; dawa hizo zina isosayaneti, kemikali inayojulikana kusababisha pumu kwa wapuliza rangi, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Hizo usizipulize nyumbani. Maji ya msasa na vitambaa vyenye thina navyo visiishie mferejini. Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na kabla ya orodha yoyote lilikuwa shamba la mpunga na maji ya kunywa ya watu wake. Kinachomwagwa kwenye kijito kinachoshuka Udzungwa hupita kwenye majaruba ya mtu mwingine kabla ya kufika Mto Kilombero. Anika vitambaa mpaka vikauke kabisa nje ya nyumba, kisha uvitupe pamoja na taka ngumu.

Ukimaliza, andika namba ya rangi kwenye kikaratasi na ukiweke pamoja na nyaraka za gari, kisha uache kiraka kipite masika moja. Mvua zikikatika, osha gari na ukitazame kwa karibu. Pitisha ukucha, usikwame. Tafuta duara jembamba la kahawia kwenye ukingo wake. Lisipokuwepo, maji hayakupata mlango, na ile karatasi moja iliyo kati ya bati lako na bonde hili imerudi kuwa nzima.